Kiti cha Nyuma

Jumanne, tarehe 9. Manyunyu tangu alfajiri.

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Mvua ikizidi, anua nguo za barazani. Naenda kazini, kisha darasa la jioni. Nimesali mara mbili kabla ya kukuandikia.

Zile pikipiki mbili za mbio zilizotumika, tulizoziona kwa fundi, ni pacha, ila moja imeongezewa breki kubwa na kung'olewa kiti cha nyuma. Hiyo ndiyo uliyoizunguka asubuhi kama bwana harusi. Fundi akauliza, "Na shemeji atakaa wapi?" Ukacheka tu. Usiku nikitoka darasani nikae mabegani kwako?

~~Nunua uipendayo.~~ Nunua ile ya kawaida.

Ulipokuwa ukiijaribu ile isiyo na kiti, niliwaambia fundi na wateja wake kwa sauti: "Masomo nitayamaliza, Mungu akipenda, iwe nyuma ya mume wangu au kwa miguu yangu."

Mama watoto