Mpwa wa Mzee Anselmi

Jumatatu, 4 Julai 1994

Mgeta. Baridi hadi mifupani. Tulipanda jana na lori lililokuja kufuata kabichi. Kazi: kuwahoji wazee jinsi wanavyotendewa majumbani. Dada Magreth, kiongozi wetu, karudia masharti. Mzee ahojiwe peke yake. Usishauri. Usiahidi. Usijitie katika mambo ya nyumba za watu.

Nyumba nne leo. Wote wanapendwa! Na wote wamejibu huku mtu wa nyumbani kaegemea mlango. Ukimwomba atoke — kwani mna siri gani na bibi yetu?

Jumanne, 5 Julai

Magoti yananiuma. Huku kwenda kwa jirani ni kupanda au kuporomoka.

Mchana kwa Mzee Anselmi. Mkewe alifariki Machi. Nyumba na shamba ni vya ukoo wa mke, na msimamizi sasa ni Jastin, mtoto wa dada wa marehemu. Zamani mteremko huu haukuwa na wa kuugombea. Tangu wanunuzi wa Dar walete malori yao wenyewe, kila tuta lina mwenyewe. Karoti zimefika ukutani kwa mzee. Jiko lake limebomolewa, pameota vitunguu saumu.

Nikauliza: kuna anayekutendea vibaya? Akamtazama Jastin kwanza. "Mimi? Nalishwa kama bwana harusi." Jastin akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Kisha yeye akaniuliza mimi. Mama yako ni wa ukoo gani? Nikamtajia. Akanishika mkono wote, hadi kiwiko. "Kumbe wewe mpwa wangu!" Nikamwamkia upya — shikamoo, mjomba. Kwa heshima. Na ili aongee.

Akaongea! Akamwambia Jastin atupishe, ana mazungumzo na mtu wake. Jastin akatoka bila ubishi. Chakula cha mzee hufika wengine wameshakula na kunawa mikono. Watoto wamefundishwa kumwita "mgeni". Kaoa hapa, kazeeka hapa — mgeni. Baada ya matanga ukoo wake ulipaswa kuja kumchukua. Hakuja mtu. Ndugu aliokuwa nao kwao Matombo wamekufa, au ni wazee kumzidi. "Nikitoka hapa, natokea wapi?"

Wakati wa kuaga nikamkabidhi Jastin sukari na sabuni, shukrani tunayotoa kila nyumba. Akapokea kwa mikono miwili, akainama. Ana adabu kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 6 Julai

Manyunyu kutwa. Kikohozi. Bibi mmoja kasema tu: "Andika nimeshiba." Nimeandika.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, sisi tunapanda milima.

Juliana, binti wa Mzee Anselmi, kanifuata bombani. Analia na kutabasamu kwa pamoja. Ananishukuru kwa kumchukua baba. Mnaondoka kesho saa ngapi?

Kumchukua wapi?

Akanishangaa. Ulitaja ukoo. Ukamwita mjomba mbele ya watu. Ukampa Jastin sukari. Sasa ukoo huja vipi kumchukua mtu wao, dada?

Loh! Mama alinizalia mjini. Jina la ukoo alinipa, haya mengine hakunipa.

Nikamuuliza, na wewe mwanawe? Akasema yeye ni wa upande wa mama, kama Jastin. Akibisha, naye hatakuwa na tuta la kulima. "Baba nampenda. Lakini nitampendea wapi?"

Nimemweleza Dada Magreth. Kavua miwani. "Felista, nilisema nini?" Kesho asubuhi niende nikakanushe. Ni sawa. Ila nikikanusha, atakuwa mzee aliyefuatwa na watu wake kisha wakamkataa.

Kwangu Kilakala, mjini, tuna chumba na ukumbi. Mume wangu Yakobo kapunguzwa kazi kiwandani tangu Januari, anashinda ukumbini akiutazama mlango. Watoto wanalala hapohapo. Nimweke wapi?

Ijumaa, 8 Julai

Nilikwenda kukanusha. Bati la chumba cha mzee limeshaezuliwa. Mzee kakaa nje juu ya kigoda, kanyolewa, kavaa koti la misa. Godoro la sufi limekunjwa kando.

Nikamwambia Jastin mimi ni mtafiti tu. Ukoo niliutaja kwa mazungumzo. Akajibu taratibu: "Dada yangu, ukoo hautajwi kwa mazungumzo." Majirani wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja akapaza sauti — jamani, msomi kamkana mjomba wake!

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee Anselmi ndiye aliyewanyamazisha. "Mwacheni. Mtoto kachoka."

Akainuka. Akashuka njia mbele yangu. Juliana nyuma na godoro kichwani.

Sasa tuko barabarani. Wanapakia kabichi. Dada Magreth yuko mbele kwa dereva, hajanitazama. Juliana kapiga magoti, kamuaga baba yake, karudi juu bila kugeuka. Mzee hajaniomba kitu. Anatazama wanavyopanga mzigo, anawaelekeza — zile kubwa chini, bwana, mtaziponda!

Turubai linafungwa. Dereva anauliza, huyu mzee ni wa nani, apande au vipi?

Wapakiaji wote wananitazama. Naendelea kuandika, kama sikusikia. Ninapoandikia ni juu ya begi la mzee. Aliniwekea mapajani tulipokaa, na mimi nililipokea.

Dereva anauliza tena.