Kompyuta Zilizofanya Kazi Jumapili

Mama Émérence, mshauri wetu wa redio, jambo nililolificha kwa miaka kumi na mitatu ni hili: kompyuta iliyoungua katika biro yetu, ofisi ya mizigo hapa Kalemie, ile iliyomfanya Mama Philomène afukuzwe kazi, niliichosha mimi, kwa kazi ambayo hakuna mtu aliyeniruhusu kuifanya. Mkurugenzi hakujua, mke wangu alikufa bila kujua, na wewe nakuomba ubadilishe majina kabla ya kusoma, ingawa mji wetu ni mdogo na mwenye masikio atatambua.

Nina miaka sabini na minane. Figo zangu zimechoka, na daktari alizungumza na wanangu barazani akidhani sisikii, kwa hiyo naandika asubuhi, saa ambayo mkono bado unanitii.

Nilisoma hisabati Lubumbashi, nikafundisha miaka mingi Kongolo, na uzeeni nikaajiriwa na wakala mmoja wa mizigo inayovuka ziwa kutoka Kigoma, niwe mkuu wa kompyuta zake kumi na moja. Kazi ilikuwa nyepesi mno kwa mtu aliyewahi kuota kuwa mtafiti, na siku moja nikisoma kwenye intaneti nikakuta kwamba wataalamu wanaotafuta dawa ya malaria wana hesabu nyingi kuliko mashine zao, na wanaomba watu wa dunia nzima wawaazime kompyuta zao wakati zinapopumzika. Unaweka programu ndogo, nayo inachukua kipande cha hesabu kutoka kwao, inakipiga kimyakimya, inarudisha jibu, inachukua kingine, na wewe hulipwi chochote isipokuwa alama zinazoandikwa mbele ya jina lako. Mama, nilijisikia kama kijana. Niliiweka kwenye kompyuta yangu, halafu kwenye mbili, halafu kwenye zote kumi na moja, na sikumuomba ruhusa mkurugenzi wetu, Papa Jérôme, kwa sababu nilijua angesema hapana.

Programu ilifanya kazi saa za mchana watu walipokwenda kula nyumbani, na Jumapili tangu asubuhi hadi jioni. Ili mtu asizime mashine, niliwaambia wote kwamba saa hizo zinatibiwa virusi. Mlinzi wetu, Papa Hippolyte, hakuacha kunitania.

"Papa Édouard, hizi masini zinaugua kila Yenga, kila Jumapili? Basi ni wapagani, zinakimbia misa."

"Wewe uziache tu, zinakunywa dawa."

"Ah! Mimi nikiugua hata siku moja, munanikata mushahara ya siku. Ningezaliwa masini!"

Tulicheka, na uongo ukawa kawaida ya biro. Mtu mmoja tu alikaribia kuujua. Mama Philomène, karani wa matamko ya mizigo, aliishi mbali, Lubuye, kwa hiyo mchana alikula mezani pake, sahani yake ya ugali na samaki wa mikebuka ikiwa juu ya magoti, na simu za wenzake zikichajiwa karibu naye maana kwao umeme ulikuwa haba. Siku moja alinifuata hadi mlangoni.

"Papa, ordinatere yangu, hii kompyuta, inahesabu nini yenyewe? Namba zinakimbia kama mutoto aliyeona nyoka."

Nikamwambia inasali. Alicheka hadi akaweka sahani chini, akasema, "Basi iniombee na mimi," na hakumwambia mtu.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Nyuma ya biro kulikuwa na ghala la mifuko ya simenti kutoka Kabimba, na vumbi lake liliingia kila mahali, hasa ndani ya mashine, ambako lilijishikiza kwenye feni kama unga kwenye mwiko. Kazi yangu ilikuwa kuzifungua na kuzipuliza Jumapili moja kila mwezi. Lakini Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yangu ya mavuno. Nikizifungua zote, hesabu zinasimama siku nzima, na jina langu linashuka kwenye orodha yao ya alama, na wakati huo nilikuwa wa tatu katika nchi yetu nzima, wa tatu, Mama, mzee wa Kalemie ambaye hakuna aliyemkumbuka. Nikaahirisha Aprili, nikaahirisha Mei, nikaendelea kuahirisha hadi Oktoba. Jumapili moja yenye joto kali umeme unaotoka kwenye bwawa la Bendera ukakatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ya Mama Philomène, iliyokuwa moto tayari na imejaa vumbi, ikawaka. Papa Hippolyte alivunja mlango akaizima kwa mchanga. Matamko ya mwaka mzima yakapotea.

Jumatatu nilizifuta programu zote kumi kabla ya saa mbili. Jumatano tukaitwa kwenye kikao, na Papa Jérôme akasoma ripoti: mashine ilidhoofishwa kwa majuma mengi na simu zilizochajiwa juu yake, pamoja na filamu na miziki iliyoingizwa na mtumiaji wake, Mama Philomène.

Mama Philomène alisimama. "Yenga nilikuwa kwaya! Parokia nzima ilinisikia nikiimba! Nilichoma ordinatere nikiwa kwa Mungu?"

"Ugonjwa unaingia leo, unaua kesho, Mama," Papa Jérôme akajibu. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyokuwa nikiyatumia kuelezea virusi.

Mama Philomène akanigeukia. "Papa Édouard, wewe njo munganga wa hizi masini. Sema kitu."

Nikasema, "Tutaona, Mama." Ndiyo maneno yote niliyosema siku ile. Hatukuona kitu, na Ijumaa alitoka na mfuko wake.

Alipoomba ukarani kwenye shule ya parokia, walimwambia nafasi imejaa, na wiki iliyofuata wakampa mwingine. Vijana walimwita Mama Moshi. "Mama Moshi anapita, mufunge ordinatere!" Aliacha kwaya, akahamia Kabimba kwa binti yake Arlette, na hadi leo anauza ndagala, dagaa wa ziwani. Mke wangu alipofariki, Philomène alikuja na kikapu, akakaa matangani siku tatu, akapika, akaosha vyombo vyetu.

Nimeungama kwa padri na ameniondolea dhambi, lakini padri hawezi kumrudishia Philomène jina lake. Binti yangu Syntiche, niliyemwambia mwezi uliopita, amenisihi ninyamaze, kwa sababu kaka yake Steve ndiye mkuu wa kompyuta katika biro ileile, alirithi kiti changu, naye hajui lolote. "Papa," aliniambia, "wewe utakwenda kupumzika. Steve njo atabaki, wamutazame kama mutoto wa mwizi." Kwa hiyo nimefikiri kuandika barua, kuifunga, na kuagiza Philomène apewe baada ya kunizika. Hivyo atapata ukweli, na mimi nitakuwa sijamtazama usoni. Je, njia hiyo inatosha? Nishauri upesi, Mama, maana sina miezi mingi. Na ukinihukumu, ukumbuke kwamba hesabu zile hazikuwa mchezo. Zilikuwa za kutafuta dawa.

Papa Édouard

*

Papa Édouard,

Majina nimeyabadilisha. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilifunga mlango wa studio ili nisikukemee mbele ya watu. Pole kwa ugonjwa. Pole pia kwa miaka hiyo yote. Siri ya namna hiyo hailali hata mwenyewe anapolala.

Kwanza hesabu zako, kwa kuwa umezishika kama mtu anayeingia kanisani na cheti mkononi. Zilikuwa hesabu nzuri. Nani Kalemie hajazika mtu wa malaria? Ungemwendea Papa Jérôme ukamwambia, "Niruhusu kompyuta tatu, Jumapili mbili kwa mwezi," angeweza kukataa, na angeweza pia kujivunia. Hukumuuliza kwa sababu ulitaka zote kumi na moja. Mtu hatoi sadaka mbuzi wa jirani, halafu akasimama mbele kupokea pongezi. Na kilichochoma mashine si dawa ya malaria. Ni ile nafasi ya tatu.

Sasa bahasha yako. Itupe. Unamjua Philomène: siku ya msiba wako atakuja, na kikapu chake, kama alivyokuja kwa mkeo. Atakaa mkekani, atakulilia, ataosha vyombo vyenu tena. Kisha mtu atampa karatasi inayomwambia kwamba marehemu aliyemlilia ndiye aliyemwangusha. Atamjibu nani? Atagombana na jeneza? Hiyo si toba, Papa. Huko ni kukimbia ukiwa umebebwa na watu wanne.

Syntiche anakupenda, lakini anakushauri vibaya. Steve ni mtu mzima, si yai. Atasimama bironi akijua ukweli vizuri zaidi kuliko atakavyosimama siku ukweli ukimkuta mlangoni. Mwambie leo, wewe mwenyewe, Syntiche akiwepo. Kisha andika maelezo ya ukurasa mmoja, uweke sahihi na tarehe: programu, vumbi, Jumapili ulizoahirisha. Nakala moja iende kwenye biro, iwekwe kwenye faili la Philomène. Nyingine apewe padri, aisome baada ya misa kwenye matangazo, maana jina lake lilianguka mbele za watu na haliwezi kuokotwa chumbani kwako.

Lakini karatasi zote hizo zimngojee yeye kwanza. Usimwite aje kwako kama unamwita karani. Steve aende Kabimba amuulize, kwa heshima, kama atakubali kukuona, na kama hataki, umuombe mzungumze kwa simu. Akija, sema kosa lako bila malaria na bila figo. Omba msamaha mara moja, kisha nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kutukana, anaweza kuondoka. Yote ni haki yake, na hakuna hata moja unaloweza kumdai.

Na bado, Papa, kuna mahali umenipitisha haraka. Umenitajia mlinzi na utani wake, umenitajia sahani ya mikebuka, vumbi, mchanga, mwezi na siku. Lakini kuhusu ile ripoti unasema tu kwamba Papa Jérôme aliisoma. Nimefanya kazi kwenye biro kabla ya redio. Mkurugenzi hafungui kompyuta iliyoungua, anamuuliza anayezijua, na ninyi mlikuwa na mtu mmoja tu anayezijua. Nani aliyeiandika? Steve asikanyage Kabimba kabla hujajibu hilo, kwa sababu ukimpelekea Philomène nusu ya ukweli, atakusamehe nusu, na wewe utakufa na nusu nyingine.

Mama Émérence

*

Barua hii ililetwa redioni na binti ya Papa Édouard siku ya nne baada ya jibu hilo, na mwenyewe aliomba isomwe.

Mama Émérence,

Steve nimemwambia. Alitoka, akaosha pikipiki yake iliyokuwa safi, akarudi akauliza tu ni lini aende Kabimba. Ataondoka kesho, na nakala ya barua hii anayo.

Ripoti niliiandika mimi, Jumanne, kwa mkono wangu, ukurasa mmoja na nusu. Ningeweza kuandika vumbi. Ningekemewa, labda ningenyimwa siku chache za kazi, na mambo yangeisha. Lakini aliyeandika vumbi angeulizwa kwa nini mashine zilikuwa zinafanya kazi Jumapili, na mtu pekee aliyewahi kuona zile namba zikikimbia ni Philomène. Niliogopa atazikumbuka. Kwa hiyo nilitaka akizikumbuka, asiaminiwe.

Nimewaambia wanangu kwamba nilibanwa, kwamba mkurugenzi alitaka mtu wa kulaumiwa. Si kweli. Papa Jérôme aliniuliza kitu kimoja tu, chanzo cha moto. Jina la mtu hakuniuliza.