Kicheko cha Christa

Bwiza, Bujumbura
9 Mei 2003

Mpendwa mdogo wangu Xavier,

Huko Kigoma mnaamkaje? Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ingawa milio ya bunduki kule milimani haituachi tulale.

Barua yako nimeipata. Umekasirika kwamba binti yako anacheka watu wakifa, na unataka nimpeleke kwa mchungaji atolewe pepo. Ngoja kwanza, baba Christa. Hukuwepo.

Ni kweli alicheka. Bunduki zililia, darasa zima likajitupa chini ya madawati, yeye kicheko kikamtoka mpaka machozi. Na wiki ileile Jovithe, anayekaa naye dawati moja, alikuwa amemzika baba yake aliyeuawa mtaa wa Kinanira. Wenzao wakaanza kusema Christa anacheka kwa sababu waasi wanaopiga ni watu wa kwao. Unajua neno kama hilo linamfikisha mtoto wapi katika mji huu! Mkurugenzi wa shule naye anataka kumfukuza. Mwisho wa mwezi ataamua.

Nilimuuliza mwenyewe jikoni. "Tante, mi sipendi kucheka," akaniambia mimi shangazi yake. "Inatoka yenyewe."

Basi juzi, kwenye somo langu la biolojia, niliacha mada ya figo nikawauliza: bunduki ikilia, mwili wako unafanya nini? Nikaanza mimi, mwalimu mzima, nikasema huwa naharisha. Hapo wakafunguka. Mmoja hukojoa, mwingine husinzia, mwingine hushikwa na njaa. Nikawaambia hakuna kichaa wala pepo hapo, ni hofu, na kila mwili una namna yake. Christa akasema polepole, "Mi nacheka." Jovithe hakumtazama hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo.

Jana bunduki zikalia tena. Tukalala chini, na Christa akaanza. Nje mkurugenzi alikuwa anakagua madarasa, tukisikia viatu vyake. Jovithe akatambaa hadi kwa Christa. Lo, nilidhani anakwenda kumpiga! Akamziba mdomo kwa kiganja, akamshikilia hivyohivyo mpaka viatu vikapita.

Mwandikie mkurugenzi haraka asimfukuze, wewe ndiye mzazi. Pepo usimtaje. Hamimu, anayeleta barua hii, atarudi na jibu.

Nisalimie wifi yangu Consolée na watoto. Mungu awafunike nyote.

Mwandikie na Christa pia. Usimuulize kwa nini anacheka. Muulize kama bado anaogopa.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Daphrose