Ugali Kiasi cha Ngumi

Kalangalala,
Geita.
9 Novemba 2024

Mpendwa wifi yangu Loveness,

Shikamoo. Habari za Mtwara, na habari za mgongo wako? Natumaini umepoa, na kwamba umeacha kujitwisha ndoo kama msichana wa darasa la saba. Shemeji Boaz hajambo? Na watoto, Enock na Noela, wanaendeleaje na shule? Tumesikia korosho mwaka huu zimekubali. Nilifurahi, maana mwaka jana ulilalamika mpaka nikadhani unaniomba mchango.

Huku mimi na watoto tu wazima wa mwili. Mvua zimeanza, hali ya hewa imepoa, na tope la barabara yetu unalijua. Bati halivuji. Zaidi ya hapo, wifi, sina jema la kukueleza, na sitajifanya ninalo.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na barua wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii huwekwa sauti ya juu ili Mama yenu naye asikie, na nikitoka nje kuongea naonekana nina jambo la kuficha. Kweli ninalo. Barua hii anakuletea Kudra, jirani yetu anayekuja huko kwenye biashara ya korosho. Isome kwanza ukiwa peke yako. Ninachokuomba ni kimoja: umwite Mama aje akae kwako kwa muda, na akifika umpeleke hospitali. Simfukuzi. Sababu nitaifikia, ila lazima nianze na kaka yako.

Athanas amelazwa tena. Kile kidonda cha kidole cha mguu walichomkata hakikufunga. Weusi umepanda mpaka juu ya kisigino, na daktari amesema watakata mguu chini ya goti. Ameshaweka saini mwenyewe. Mtu aliyekuwa akishuka duarani kule Rwamgasa kwa kamba, anaingia kwenye shimo ambalo mimi hata kulichungulia siwezi, siku ya kusaini aliniuliza kama mguu wa bandia unaweza kuingia kwenye gambuti. Nilitoka nikaenda kulilia nje.

Usidhani kaka yako ni mkaidi. Mwaka jana alipoambiwa ana kisukari, aliacha sukari siku hiyo hiyo. Kopo la sukari aliligawa kwa jirani. Kwenye chai akawa anatia asali, kwa kuwa asali inatoka kwa nyuki, haitoki kiwandani. Asubuhi alikula matobolwa, vile viazi vyetu vikavu vilivyochemshwa, kwa kuwa ni vya shambani. Mchana ugali wa sembe, ule mweupe, umejaa sahani mpaka mboga haina pa kukaa. Kila aliyekuja alimsifu kwa kuacha sukari, na mimi nilimsifu. Hakuna aliyetuambia kwamba ameacha kijiko na kubaki na gunia.

Tulikuja kufundishwa vizuri kliniki, baada ya kidole kukatwa. Ugali uwe wa dona, mahindi yasiyokobolewa, kiasi cha ngumi, mboga za majani zizidi ugali, na asali aiache. Kaka yako akainua mkono wake, akamwuliza muuguzi ni ngumi ya nani inayopimiwa, maana kama ni ya mchimbaji basi yeye na kliniki hawana ugomvi. Chumba kizima kilicheka. Lakini tulishika. Nilipika mchicha, nsansa na mlenda mpaka watoto wakaniuliza kama sisi ni mbuzi. Na kidonda kikaanza kukauka pembeni. Kilianza kukauka, wifi, nilikiona kwa macho yangu, na hilo ndilo linaloniua.

Ndipo Mama akaja kutoka Kahama kumtazama mgonjwa. Nilimtengea Athanas sahani yake. Mama akaiangalia, akamwangalia mwanawe alivyopungua, akauliza ugali mwingine uko wapi. Nikasema ndio huo. Alilia, wifi. Ng'wanawane, ng'wanawane, mwanangu mimi, mpaka majirani wakaja wakidhani pana msiba. Tangu hapo sikuwa mkwe tena, nikawa mtu wa ndizi kutoka Muleba aliyekuja kuua mtoto wa watu kwa njaa ili abaki na kiwanja.

Kikao kiliitwa. Nilieleza kwamba ugali ukishaingia mwilini unageuka sukari, ndiyo maana unapimwa. Baba mdogo Bujiku alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Bugali ni bugali, mwanangu. Huu tumeula tangu kuzaliwa, sukari tumeiona tukiwa watu wazima." Wote wakaridhika. Pantaleo, yule tajiri wa karasha anakosagia mawe kaka yako, akaongeza kwamba dona ni chakula cha gerezani, na mgonjwa hajashtakiwa kwa kosa lolote. Siku hiyo hiyo Mama akachukua mwiko.

Ningeweza kumchukia ningepumzika. Siwezi. Anaamka kabla yetu sote, anasonga ugali kwa ile mikono iliyokwisha, anaufunika kwa kitambaa safi, anausindikiza kwa maziwa ya mgando aliyotia asali. Mwanawe akimaliza sahani, anamwongeza. Kila tonge lilikuwa upendo mtupu, na kidonda kikaanza kutoa maji tena, na harufu.

Halafu wageni. Desturi unaijua, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Wenzake wa duarani wanakuja na kreti la soda. Akina mama wa kanisani, juisi za boksi na mikate. Majirani wanaleta sukari ya uji wa mgonjwa. Ndiyo, sukari, kwa mgonjwa wa kisukari, na anayeileta anatoa pole kutoka moyoni. Ukikataa umetukana. Niliwahi kuomba, kwa upole kabisa, waje na dagaa au parachichi, na kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba mke wa Athanas anachagulia watu zawadi.

Hawa si wajinga. Wanaokota jiwe, wanaligeuza mara moja, wanakwambia lina dhahabu au halina. Lakini chakula kwao ni kile kinachoshibisha, soda ni dalili kwamba mambo yamekunyookea, na maziwa ni ya kuoshea vumbi kifuani baada ya kazi. Mimi nimechoka kufundisha watu ambao hawakuniuliza.

Jumapili daktari alipotaja goti, Athanas alimgeukia Mama akasema, "Mama, tungemsikiliza Justa." Basi. Maneno hayo niliyatamani sana, na yalipokuja hayakunifaa kitu. Sasa hali kabisa, si ugali wa Mama wala ngumi yangu. Hotipoti inarudi kama ilivyokwenda. Amegeukia ukuta, na nikimsemesha anajibu kwa heshima tu, kama anamjibu mgeni.

Sasa nimfikie Mama. Zile soda haachi zikae. Anasema zawadi ya mtu haimwagwi, hivyo anakunywa yeye, na juisi, na uji unaorudi kutoka wodini. Tangu aje anakula kuliko sisi sote, na bado amekonda, kitenge anakifunga mara mbili. Akimaliza soda anafuata mtungi wa maji. Kutwa nzima ni kwenda uani na kurudi. Na pale nyuma ya bafu anapochuchumaa, sisimizi wamejaa penye mkojo. Sisimizi hao nilishawaona mwaka jana, wifi, mahali pale pale, wakati ule wa mwanawe. Niliwafagia nikaendelea na kazi zangu.

Siwezi kumwambia. Nikifungua mdomo nitakuwa yule yule Justa anayenyima watu chakula, amemaliza mume sasa anaanza na mkwe. Wewe ni mwanawe, ziwa lake umelinyonya. Mwambie wajukuu wamemkumbuka, mwambie lolote, ila usinitaje. Apimwe huko, mbali na kikao. Nisikudanganye, sina matumaini makubwa. Mguu wa kaka yako umeshatushinda, na sijui nitarudi naye nyumbani akiwa mtu gani. Labda huyu mmoja tutamwahi.

Baba mdogo Bujiku anakusalimu, na Ghati wa nyumba ya pili, na Eustace wangu anamuulizia shangazi yake kila akiona basi la mbali. Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awape riziki, na awape pia kujua namna ya kuila.

Mama ameketi hapa mlangoni na soda yake ya chungwa. Ameniona naandika, akauliza kama ni kwako, nikasema ndiyo. Ameniagiza nikuandikie kwamba usiwe na wasiwasi, yeye ni mzima kabisa, ni kiu tu ya hili joto. Nje mvua inanyesha tangu asubuhi, na mimi nimejifunika khanga mbili.

Mimi wifi yako, ninayekupenda na nisiye na mwingine wa kumwambia,
Justa (Mama Eustace)