Kayukiyuki Juu ya Kaburi Lako

Sajini Candia, ndugu yangu,

Usihangaike kupiga saluti huko ulipolala, ni mimi tu, koplo wako. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha kambini, maana Kilugbara chako kilinishinda, na Kiingereza kilitushinda wote wawili.

Kwanza ripoti. Ng'ombe wazima wote. Yule mweusi amezaa dume, lina kichwa kikubwa na halisikii la mtu, basi nimelipa jina lako. Ila malisho yetu hapa kilimani juu ya Ggaba yananishinda. Kazi ya kung'oa vichaka ni ya watu wawili, unajua mwenyewe. Mmoja anaegemea kichaka kwa gogo mpaka kilale, mwingine anapiga mizizi kwa sururu. Mimi nilikuwa wa kuegemea, maana ndiyo kazi iliyokaribia kulala. Sasa nikiegemea, hakuna wa kupiga. Nikishika sururu, kichaka kimesimama kinanichana uso. Nikajifanya mjanja, nikakata kwa panga juu juu. Ulikuwa ukinifokea, "Koplo, unamnyoa huyo. Mtoe roho." Kweli. Mvua kidogo tu, na kila shina nililonyoa limeota ndevu.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Nina dhambi ya kuungama, na mimi Mwislamu wa Idi mbili kwa mwaka sina padri.

Mwezi mmoja baada ya kukuzika, binti yako Monika alirudi kutoka Nairobi, akasema kaburi la baba haliwezi kukaa uchi. Alikuwa ameona kando ya njia mmea wenye maua mazuri, mekundu na manjano kwenye kichwa kimoja. Akauchimba na mizizi yake yote, akaupanda kichwani pako. Kayukiyuki, Sajini, kile kile kichaka cha sumu tulichokuwa tunang'oa malishoni. Wewe uliyepigana na kayukiyuki miaka ishirini, tangu ule mwaka wa kiangazi ng'ombe wako mweupe alipoila, ngozi ya pua ikabanduka juani, akafa anakutazama. Mtoto amelelewa mjini kwa shangazi yake, angejulia wapi? Alikuwa analia, mikono imejaa udongo. Nikamwambia, maua mazuri, mwanangu.

Basi aliporudi Nairobi akawa ananipigia simu kila Jumapili saa kumi. "Mzee, maua ya baba yanaendeleaje?" Nami namwambia yamechanua, leo vipepeo watatu wamekuja. Tunaongea dakika tano, mara nyingine kumi. Wiki nzima hakuna mwingine anayeniita. Yupo mnunuzi wa maziwa, lakini yule huongea na mtungi. Ukumbuke mimi na wewe tulivyokuwa tunagombana kutwa nzima juu ya redio, wewe unataka habari, mimi nataka dansi. Redio ni yangu peke yangu sasa. Siku hizi siiwashi.

Kwa hiyo nilimwagilia. Ndiyo. Nilipandisha maji kutoka bondeni na goti hili bovu, nikamnywesha adui yako juu ya kichwa chako. Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu. Baadaye kicheko kikakauka.

Halafu matunda yake yakaiva, meusi. Ndege wakawa wanakaa kwenye msalaba wako, wanakula, kisha wanakwenda kunya katikati ya malisho tuliyoyasafisha mimi na wewe. Hata hapo nilijitia upofu. Lakini asubuhi moja nikamkuta yule ndama amepenyeza kichwa chini ya waya wa uzio wa kaburi, ulimi nje, anautafuta ule mmea. Nilimchapa, maskini, kwa kosa langu.

Nikaleta sururu. Nilipiga nimepiga magoti, nikaufuata kila mzizi kwa vidole mpaka ukaisha. Nikauchoma.

Jumapili akauliza maua yanaendeleaje. Nikamwambia nimeyang'oa. Nikamweleza yote, ng'ombe mweupe, ile pua, na mimi niliyejua tangu siku ya kwanza.

Akasema, "Mzee, miezi yote hii ulikuwa unanidanganya?"

Nikasema ndiyo. Akakata.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Nilikaa nayo kwenye mfuko wa shati mpaka ng'ombe wakachoka kuningoja, wakajirudisha zizini wenyewe. Sajini, hata siku ya kukuzika sikuwa peke yangu namna ile.

Jana ilikuwa Jumapili tena. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ndiyo simu ikaita. Hakusalimu.

"Sasa nitakuwa nakuuliza nini?"

Unajua mdomo wangu huu, haujawahi kukosa neno hata mbele ya kanali. Nikasema, "Niulize kama nimekula."

Kisha akauliza, "Umekula?"

Nikasema bado. Basi akaanza kunifokea, mtu mzima unakaaje na njaa mpaka saa hizi, na sauti ilikuwa yako kabisa, hata kule kukohoa katikati. Nikaenda kuinjika sufuria, simu ikiwa sikioni.

Nakuaga, ndugu yangu. Kaburi lako ni udongo mtupu, nami sitalipamba. Nakuahidi binti yako sitamdanganya tena. Labda akiuliza habari za sigara zangu.

Pumzika. Leo zamu ni yangu.

Koplo wako