Hoja ya Tatu ni Kambo

Jumatatu, 12 Aprili
Ndoo ya kunawia mikono getini haina maji tena. Tunasugua viganja vikavu mbele ya mlinzi, naye anaturuhusu kupita. Barakoa ziko kidevuni. Mwalimu wa Kifaransa amepiga kura kugawa pande za mdahalo wa Ijumaa: je, serikali ilichukua hatua za corona kwa wakati, na zilisaidia? Glody atasema ndiyo. Mimi hapana. Mbele ya shule nzima.

Jumanne, 13 Aprili
Hoja ya kwanza: shule zilifungwa mara moja, masoko yakabaki yamejaa. Ya pili: tuliamriwa barakoa kabla ya kuziona mahali popote. Ya tatu ni Kambo, bibi yangu mzaa mama.

Mwaka jana matanga yalikatazwa. Kambo alitoka mochari moja kwa moja hadi makaburini. Presha ilimuua, si corona. Lakini kwetu, kwenye matanga, mtu wa familia husimama akasimulia ugonjwa tangu mwanzo: ulianzaje, nani alikuwa naye, alikunywa dawa gani, alisema nini mwishoni. Watu wakishasikia, wanalia pamoja na kuacha kuuliza. Sisi hatukumsimulia mtu.

Mama mukubwa Béa, dada wa mama, alirudishwa kwenye geti la makaburi kwa sababu idadi ya walioruhusiwa kuingia ilikuwa imetimia. Tangu siku ile anasema mama alimficha Kambo ndani mpaka akafa. Anakaa Kampemba. Hajakanyaga tena kwetu Makomeno. Binti yake Nadège niko naye shule moja. Hanisalimu.

Jumatano, 14 Aprili
Mwalimu amesoma karatasi yangu. "Ondoa ile ya tatu. Débat haiko matanga, mutoto." Nikasema ndiyo, mwalimu, mdahalo si matanga. Mimi mwoga. Njia nzima nilikuwa na hasira. Kama si pale, isimuliwe wapi?

Na Glody, kwenye ngazi, akiniita maktaba kama kawaida yake: "Bibliothèque, Ijumaa utasema ao utafungua tu kitabu?" Wote wakacheka. Hata mimi, kidogo.

Alhamisi, 15 Aprili
Papa, baba yangu, anasema bila zile hatua tungezika wengi zaidi. Labda. Sikatai kukatazwa. Nakataa kwamba hakuna aliyefikiria zaidi ya kukataza. Mtu mmoja angeweza kusimama uani na kusimulia, majirani na ndugu wakasikiliza kutoka nje ya ukuta. Nani angeambukizwa?

Nimemwambia mama nataka kumtaja Kambo. Nilidhani atakataa. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha: "Ukisema, sema yote. Hata ile usiku dawa iliisha."

Sitaiondoa.

Ijumaa, 16 Aprili
Hoja mbili nilizisoma, haraka mno. Karatasi nikaikunja. Nikasimama kama watu wanavyosimama kwenye matanga, mikono mbele, nikaanza: Kambo aliumwa kichwa Jumapili, akasema ni jua. Mwalimu akakohoa. Sikunyamaza. Nilisema dawa iliisha usiku, hatukuthubutu kutoka kwa kuogopa amri, tukangoja kupambazuke. Nilisema mama alimshika mkono mpaka mwisho. Nilisema amri ilituzuia kukusanyika, ikatuacha na maneno haya mdomoni mwaka mzima, na dada wawili hawasalimiani. Kama hatua hizo zilifaa, hili nalo lihesabiwe.

Glody akajibu, taratibu kuliko kawaida yake: "Pole sana. Lakini virusi haiulizi kama tuko na huzuni." Jibu zuri. Majaji wakampa ushindi. Mwalimu hakunitazama.

Nimeshindwa. Sijutii. Ningesema tena kesho.

Nadège alikaa safu ya pili. Alifuta macho kwa barakoa yake, akatoka.

Jumamosi, 17 Aprili
Nimefua sare. Sikuweza kusoma kitu.

Jumapili, 18 Aprili
Baada ya misa geti liligongwa. Mama mukubwa Béa, kitenge cha kanisani, Nadège nyuma yake. Mama alisimama mlangoni, hakujua aweke wapi mikono. Mama mukubwa hakumsalimu. Alinitazama mimi.

"Nadège anasimulia mubaya. Wewe, anza mwanzo."

Mama akaleta mkeka, akautandika uani, akaketi upande mmoja. Nikaanza na kichwa cha Jumapili. Nilipofika kwenye dawa, mama mukubwa alikuwa bado amesimama. Nilipofika kwenye mkono, alivua viatu, akavipanga kando, akaketi kwenye mkeka karibu na mama.