Mabuti Yasiyooshwa

Mama yangu,

Wiki iliyopita kijitoni palikuwa na chura mmoja akilia peke yake, mlio mfupi kama kijiko kikigonga sufuria, halafu ananyamaza kusubiri ajibiwe. Hakujibiwa. Nikifua, nikipika, bado naisikia sauti ile.

Shikamoo, mama. Mgongo unaendeleaje? Na baba, ameshazoea kushinda nyumbani tangu kiwanda chao kiuzwe na wafanyakazi wapunguzwe?

Mimi mzima wa mwili. Huku juu Uluguru siku nzima hupita bila kuzungumza na mtu zaidi ya salamu. Wanawake wanaoteka maji wananiita Mama Vyura. Mke wa mwenyeji wangu, Mzee Mkude, huniuliza kama Tanga vyura wameisha hata nikafuata wa kwao.

Kazi yangu ni kuchunguza vyura wa vijito viwili, kila kimoja upande wake wa mlima. Kuna fangasi inayowashika ngozi, na chura hupumua kwa ngozi. Upande wa mashariki walishaanza kufa, wa magharibi walikuwa bado wazima. Ndiyo maana sharti letu kubwa ni kuosha mabuti kwa dawa kabla ya kwenda kijito cha pili.

Siku moja mimi na Mzee Mkude, anayeniongoza njia, tukiwa mashariki, ikaja habari kuwa dada yake, ng'ambo ya mlima, amefariki. Huku mtu akipata habari ya msiba harudi hata kuchukua shuka. Nikamwomba anisubiri nioshe mabuti.

"Mwanangu, nikawaambie watu nimechelewa kumzika dada yangu kwa ajili ya matope?"

Nikaona haya. Nikamfuata, tukakivuka kijito cha magharibi na matope yaleyale.

Sasa vyura wa kule wanakaa juani, ngozi inabambuka, nikiwagusa hawaruki. Yule niliyemsikia ni wa huko. Huenda ugonjwa ulifika kwa njia nyingine. Sina hakika, wala sitaipata. Profesa anayesimamia kazi yangu ameandika kutoka mjini kuuliza imekuwaje. Mzee Mkude ananionea huruma. "Nani atajua?" anasema.

Nisalimie baba, shangazi anayekuuguza, na mdogo wangu wa kidato cha pili. Najua ada yake inanitegemea mimi, na kazi hii huenda ikaniponyoka.

Usinikasirikie, mama. Nimeandika yote kwenye daftari la kazi: siku, njia, mabuti yangu. Mzee Mkude sikumtaja. Asubuhi nimewapa daftari wabeba kabichi wanaoshuka mjini wampelekee profesa, nami nimesimama mlangoni mpaka walipopotea kwenye kona ya mwisho.

Mwanao,
Zaina